Tairi la Mbele Kushoto

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Jailosi kwao Itumba, kwenye kilima chenye udongo mwekundu, mvua ikiwa imetoka kukatika. Baada ya mazishi nilikaa upande wa jikoni na wanawake wenzangu, tukipakua wali na kupokezana sahani, na hapo ndipo nilipomwona Yotamu. Alikuwa kwenye benchi na wanaume wa rika lake, mguu mmoja ameunyosha kwa sababu ya goti, kichwa chote kimekuwa cheupe. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka mingi. Aliponitambua alimwita mjukuu wake, msichana wa sekondari, akamwambia, "Njoo umwamkie bibi yako. Huyu alikuwa msoma ramani wangu kwenye mbio za magari." Yule binti aliniamkia vizuri, kisha akanitazama miwani, kitenge cha msiba na viatu vya mwalimu mkuu, akacheka, akidhani ni utani wa wazee. Yotamu hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Hawaamini, Enesia. Ukiwaambia tulikuwa vijana wanakuona umechanganyikiwa." Tangu nirudi nyumbani Vwawa nimekuwa nikiukumbuka mwaka ule mmoja wa Tunduma, mpakani na Zambia, na nimeona niuandike kabla na mimi sijaanza kuchekwa na wajukuu.

Nilikuwa nimemaliza shule na nasubiri kuitwa chuoni. Mkoa wetu ulikuwa bado haujagawanywa, na simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Nilipata kazi kwa wakala mmoja wa forodha, kazi ya kutembea na makaratasi kwenye foleni ya malori, kumtafuta dereva fulani wa gari fulani na kumwambia kimepungua nini. Malori yaliachwa yakiunguruma, madereva wamekaa juu kule, kwa hiyo nilijifunza kusema kwa sauti ya kupasua kelele bila kuonekana nagomba. Chumba nilipanga kwa Fundi Jailosi, ndani ya ua wa gereji yake. Kilikuwa stoo ya matairi kabla yangu. Hata baada ya kupigwa chokaa kiliendelea kunuka mpira, na siku za jua kali harufu ilitoka ukutani kama vile ukuta wenyewe unatokwa jasho. Kitanda, ndoo, begi langu, msumari wa kutundikia nguo. Dirisha moja dogo lililotazama gereji. Kwa dirisha hilo nilijua mambo ya watu wengi. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, lakini wateja wake walikuwa wasemaji, na mtu anayesubiri gari lake lipone husema mambo ambayo hata padri hamwambii.

Mke wa Fundi, Mama Lusungu, alinichukua kama mwanawe siku ya kwanza aliponikuta nakula mkate mkavu. "Binti, ndani ya ua huu hakuna anayekula kama msafiri," alisema, na kuanzia hapo nilikula kwake. Jiko lake lilikuwa la mabati, limeegemea ukuta wa gereji, na kulikuwa na viti vifupi vya mbao ambavyo mafundi walivigombea. Tulikula ugali na maharage, dagaa wa kapenta waliokaangwa na nyanya nyingi, mboga ya majani ya maboga, na Jumamosi alinunua chikanda, chakula cha mizizi ya porini na karanga, kutoka kwa wanawake wa ng'ambo, akakikata vipande kama mkate wa kahawia na kutugawia na pilipili. Watu wa Nakonde, mji wa upande wa Zambia, na wa kwetu walikaa pamoja pale. Kinamwanga kilikuwa kimoja pande zote mbili za mpaka, na asiyekijua alipita na Kiswahili au Kibemba cha kununulia vitu. Hata leo nikisikia harufu ya mafuta ya kapenta huwa nasikia pia nyundo ikigonga chuma.

Yotamu alikuwa mmoja wa waliokula pale. Alikuwa na miaka kama thelathini, dereva wa lori la mjomba wake, mrefu, mcheshi, mwenye kupenda kuangaliwa. Alikuwa amenunua ng'ambo gari dogo jekundu lililowahi kushindana, likiwa limekaa juu ya matofali, na kwa miezi kadhaa yeye na Fundi walilifufua kidogo kidogo. Ndoto yake ilikuwa kuingia mashindano ya barabara za vumbi za Mbozi yaliyokuwa yanaandaliwa msimu wa kiangazi. Breki za gari lile zilikuwa dhaifu, na Fundi alizibadili akafunga za gari kubwa zaidi. Zilikamata vizuri sana, ila zilikuwa nene. Ukivalisha rimu, ilikwaruza chuma kinachobana diski. Ikabidi matairi yasogezwe nje kidogo. Kwa hilo walitumia spesa, visahani vya alumini vyenye matundu, unene wake kama kidole changu cha mwisho, vinavyokaa kati ya habu, kitovu cha gurudumu, na rimu. Tairi likasogea, mkwaruzo ukaisha, Yotamu akaruka kwa furaha. Lakini bolti zinazotoka kwenye habu, ambazo mafundi huziita stadi, zilikuwa zile zile za zamani. Urefu uliokuwa wa kushikia nati ulikuwa sasa umeliwa na spesa.

Haya niliyaelewa baadaye. Wakati ule nilisikia tu sauti zao kupitia dirishani, nikiwa nafua. Yotamu aliuliza, "Nati zinashika?" Fundi akajibu, "Zinashika." Yotamu akauliza tena, "Zinashika vizuri?" Pakawa kimya. Nilisikia spana ikiwekwa chini juu ya saruji. Kisha Fundi akasema, "Zinashika, bwana. Si nimeshasema?" Nimefundisha watoto muda mrefu sasa, na nimejifunza kuusikiliza ukimya wa namna ile. Mtoto aliyeelewa hujibu. Asiyeelewa naye hujibu, ila kwanza hutafuta usoni pako jibu unalolitaka. Siku ile nilisuuza nguo zangu nikazianika.

Jumapili iliyofuata Yotamu alitaka kulijaribu gari kwenye barabara ya Iyula. Rafiki yake ambaye angekuwa msoma ramani hakutokea, na mimi nilikuwa na mzigo wa kupeleka huko, nikaomba lifti. Ulikuwa msimu wa kuvuna kahawa. Asubuhi ilikuwa ya baridi na jua, na watu walikuwa wanatoka kanisani kwa vikundi, kwa hiyo alienda taratibu mpaka tulipowapita wote. Kisha akaniambia, "Shikilia," na nikagundua kwamba nilikuwa sijawahi kupanda gari linalokwenda kweli. Niliogopa kwanza, halafu nikapenda. Tuliingia kona moja ya kulia, mteremko, mashamba ya kahawa chini yetu upande wangu, na gari likaanza kutetemeka usukani. Yotamu akasema, "Nini hii?" Hapo hapo upande wangu ukadondoka. Chuma kikalia juu ya mawe kwa sauti ambayo niliisikia kwenye meno. Na mbele yetu nikaliona tairi, letu wenyewe, likitupita, likiruka juu ya ukingo wa barabara na kushuka ndani ya mikahawa kama vile limeitwa.

Gari lilijiburuta na kusimama likiwa limelalia habu. Hatukuumia. Yotamu alitoka akicheka, kicheko kile cha mtu aliyenusurika, akaanza kushuka kwa mbio kulifuata tairi, na mimi nikamfuata. Tulifuata njia lililoikata: matawi yaliyovunjika, ndoo iliyopinduliwa, kahawa mbivu nyekundu imemwagika kila mahali. Mwisho wa njia hiyo tairi lilikuwa limelala ubavu kwenye kichanja cha kukaushia kahawa, na mama mmoja amesimama kando yake, mikono imejaa utomvu. Baadaye tulimjua kwa jina la Mama Sara. Yotamu alianza pale pale, "Samahani sana mama, samahani, tairi limechomoka, tunalichukua tu tunaondoka." Mama Sara alisema, "Kijana, njoo uone." Akatupeleka hatua chache nyuma, kati ya mistari miwili ya mikahawa. Pale chini ilikuwa imetandikwa khanga, na juu yake amelala mtoto mchanga, mjukuu wake, amegeuzia uso kivulini, usingizi mzito. Pindo la khanga lilikuwa na alama ya tairi, michirizi ya udongo, safi kabisa, kama mhuri.

Yotamu alikaa chini. Akarudia, "Samahani, mama." Mama Sara akanigeukia mimi akaniuliza kwa Kinyiha huyu ni nani wangu, nikamwambia si wangu, nimeomba lifti tu. Akasema kwa Kiswahili, ili Yotamu asikie, "Mwambie samahani ya kuondokea siitaki. Akitaka kuniomba samahani, kwanza aokote." Tukaokota. Tuliokota punje kwa punje, kutoka juu ya majani makavu na ndani ya nyasi, tukitenganisha zilizopasuka na nzima. Mtoto aliamka, akanyonyeshwa na mama yake aliyekuja mbio kutoka juu, akalala tena. Mama Sara aliokota na sisi. Mchana alitupa viazi vya kuchemsha na chai, akatuwekea kivulini bila kutukaribisha kwa maneno. Wakati tunakula aliuliza swali moja tu: "Tairi la gari linatokaje lenyewe?" Yotamu aliangalia viazi vyake. Akasema, "Sijui, mama." Naamini alikuwa anajua.

Tulirudi Tunduma jioni, gari likiwa nyuma ya lori la kahawa. Fundi Jailosi alisikiliza habari yote akiwa amesimama mlangoni pa gereji, anafuta mikono kwa kitambaa. Yotamu hakumlaumu. Alieleza tu, mpaka alipofika kwenye khanga, akashindwa kuendelea, nikaeleza mimi. Fundi aliendelea kufuta mikono ile iliyokwisha kuwa safi. Halafu akachukua jeki, akainua gari, akafungua matairi matatu yaliyobaki, akatoa spesa zote na kuzipanga ukutani. Siku zilizofuata hakuligusa lile gari. Alitengeneza malori ya watu, akaja jikoni akakaa kwenye kiti chake, akasukuma sahani. Mama Lusungu aliniambia tulipokuwa tunaosha vyombo, "Huyu anakunywa chai tu. Nimemwuliza unaumwa, anasema haumwi." Mchana mmoja, mafundi wengine wameondoka, Fundi alisema bila kuulizwa, huku akiangalia moto, "Nilijua stadi ni fupi. Alinitazama na zile furaha zake, nikampa jibu alilokuwa amelishika mkononi." Mama Lusungu akamwambia, "Basi mpe jingine." Ndivyo alivyokuwa yule mama. Hakumfariji, na hakumwongezea uchungu.

Yotamu alikuwa ameamua kuliuza gari. Alipokuja kulisema, Fundi alimkatisha. "Liuze ukitaka. Lakini mimi siliachi litoke hapa likiwa hivi, akalinunue mwingine na kufunga spesa zile zile. Ama narudisha breki za zamani, ama tunatafuta stadi ndefu. Chagua." Yotamu alizunguka gari mara mbili mikono mfukoni. Akasema, "Stadi ndefu zinapatikana wapi?" Fundi akasema, "Hiyo sasa ndiyo sijui." Nilifurahi kulisikia neno lile, ingawa sikuelewa kwa nini.

Zilipatikana Nakonde, baada ya kuhangaika. Kwa kuwa nilivuka mpaka kila siku na kujulikana na kila aliyekaa pale, nilikwenda na Fundi kwa mzee mmoja aliyechinja magari yaliyopata ajali na kuuza viungo. Tulimwita Ba Chanda, kama wanavyoita wenzetu kwa heshima. Uwanja wake ulikuwa umejaa mizoga ya magari, na yeye akipita kati yake akiigusa kwa fimbo kama mfugaji. "Mwapoleni mukwai," alitusalimu, kisha kwa Kiswahili chake cha mpakani: "Leo mnatafuta mguu ama mkono?" Fundi akamwonyesha stadi ya zamani. Kila stadi ina meno madogo shingoni, pale inapobana ndani ya tundu la habu, na meno hayo ndiyo yanaizuia isizunguke. Urefu si kitu ikiwa shingo haikubali. Ba Chanda alileta za kwanza, zikawa nene. Fundi akakataa. Akaleta nyingine, zikaingia kwa vidole bila shida, na Ba Chanda akafurahi: "Hizi zimekubali zenyewe!" Fundi akazitoa. "Zimekubali mno," alisema. "Ukikaza nati zitazunguka nayo." Wakabishana, kwa heshima lakini kwa sauti, mpaka mke wa Ba Chanda akaja na munkoyo, aina ya togwa, kwenye jagi ili wanywe wapoe. Mwishowe walipata kwenye habu za pikapu moja ndogo iliyopinduka, shingo sawa, urefu zaidi, nyuzi zake bado zina mng'aro. Zikawa pungufu, Ba Chanda alituahidi nyingine, na alitimiza, kwa kututumia mtu mmoja baada ya mwingine kupitia foleni ya malori, stadi zikiwa zimefungwa kwenye gazeti.

Siku za kuzifunga nilikuwa nakaa gerejini nikitoka kazini. Nilishika taa, halafu spana, halafu habu yenyewe, na mwisho nikawa nafanya. Stadi ya zamani inatolewa kwa kugongwa kutoka mbele, ipitie nyuma. Mpya haipigwi nyundo. Fundi aliipenyeza kwa nyuma, akavalisha wosha kadhaa zilizopakwa grisi upande wa mbele, akafunga nati kuukuu juu yake, akaniambia nikaze polepole. Kadiri nilivyokaza, nati iliivuta stadi ndani ya tundu, meno yake yakila chuma, na nilihisi mkononi ikija, ikija, mpaka kichwa chake kilipokaa sawasawa nyuma ya habu na spana ikagoma. "Hapo," alisema Fundi. "Usiulize zaidi ya hapo." Kisha tukasugua. Tulisugua uso wa habu kwa brashi ya waya, tukasugua spesa pande zote mbili, tukasugua ndani ya rimu, mpaka isionekane kutu wala rangi. Nilimwuliza kwa nini anahangaika na rangi isiyoonekana. "Rangi ikibaki katikati inasagika gari likitembea," alisema. "Ikisagika inaacha nafasi, na nati inalegea bila kuzunguka. Ndiyo maana hata ukisafisha namna gani, ukishatembea kidogo unasimama, unakaza tena. Mara ya kwanza kila kitu kinatafuta mahali pake." Tulipovalisha rimu, stadi zilitokeza mbele ndefu, na nati ilizunguka na kuzunguka kabla ya kugota. Yotamu aliijaribu mwenyewe kwa vidole, moja baada ya nyingine, gari zima. Hakuruka safari hii.

Rafiki yake msoma ramani alikuwa ameshasikia habari ya Iyula na hakutaka tena. Yotamu alinitumia Mama Lusungu. Alikuja chumbani kwangu na sahani ya chikanda, akakaa kitandani, akaniambia, "Kijana anaomba sauti yako." Nilicheka, yeye hakucheka. "Nimemwambia akuombe mwenyewe, anaogopa. Mimi ningekuwa wewe ningekataa. Lakini nimekuona unavyolitazama lile gari." Ni kweli nilikuwa nalitazama. Nilikubali, na Jumapili zilizofuata tulikwenda taratibu katika barabara za mashindano, yeye anaeleza, mimi naandika kwa vifupisho vyetu: kulia kali, kushoto wazi, daraja jembamba, usiamini ukingo. Kazi yangu ilikuwa kumsomea kinachokuja kabla hajakiona. Ilinishangaza jinsi mwanamume mzima, dereva wa malori, alivyotupa mwili wake ndani ya kona asiyoiona kwa sababu tu mimi nimesema ni wazi. Sikuwa nimewahi kusikilizwa hivyo na mtu yeyote. Nadhani hicho ndicho nilichokipenda, zaidi ya mwendo.

Asubuhi ya mashindano Fundi aliniita pembeni, si Yotamu. Alinipa spana ya tairi akaiweka miguuni kwangu ndani ya gari, akaifunga kwa kamba ya mpira. "Mkimaliza kipande cha kwanza, msimame mkaze nati zote. Yeye atakataa. Atakuwa moto. Wewe utamwambia simama." Nikamwuliza, "Na asiponisikia?" Akasema, "Hilo sasa ni lako, binti," akaenda kufunga mlango wa upande wa Yotamu.

Kipande cha kwanza tulikwenda vizuri kuliko tulivyothubutu kutumaini. Nilisoma, alisikia, gari lilishika barabara, na tulipovuka mwisho wake tuliona kwa nyuso za watu kwamba tumefanya kitu. Yotamu aliimba. Kulikuwa na barabara ya kawaida ya kutupeleka mwanzo wa kipande cha pili, na muda wake ulikuwa mdogo. Ukichelewa kuripoti unakatwa alama. Nikamwambia, "Simama tukaze nati." Akasema, "Tutakaza mchana, mapumziko." Nikasema, "Fundi amesema hapa." Akasema, "Fundi hayumo humu ndani, Enesia. Unasikia gari lilivyo? Halina tatizo." Na kweli halikuwa na tatizo lolote ambalo mimi ningeweza kulitaja. Usukani ulitulia, hakuna kilichotetemeka. Sikuwa na sababu zaidi ya kuambiwa. Kipande cha pili kilipita barabara ya Iyula, na nilijua ni kona gani iliyokuwa inakuja. Nikasema mara ya tatu, "Yotamu, simama." Akaongeza mwendo. Basi nikakunja karatasi zangu, nikazikalia. Nikamwambia, kwa ile sauti ya foleni ya malori, "Mimi sisomi. Nenda mwenyewe."

Alisimama kwa breki zile nene mpaka vumbi letu likatupita. Alitoka akapiga paa kwa kiganja. Mimi nilichukua spana, nikazunguka gari nikakaza, nikiegemea kwa uzito wangu wote, yeye amesimama ameangalia upande mwingine, na magari mawili ya wenzetu yakapita yakipiga honi. Nati za nyuma zilikuwa ngumu kama nilivyoziacha. Mbele kulia ngumu. Mbele kushoto zilizunguka kidogo, kila moja, kiasi cha kukubali tu, kisha zikagoma. Yotamu aliona. "Umeona?" alisema. "Zimekaza. Umetuponza bure." Tulichelewa kuripoti, tukakatwa, na ingawa aliendesha siku ile yote kama mtu aliyechomwa, hatukukaribia zawadi. Iyula tulipita salama. Nilimwona Mama Sara juu ya ukingo, mbali na barabara, mtoto mgongoni, lakini nilikuwa nasoma na sikuweza kupunga mkono.

Jioni, uani, Yotamu hakusubiri hata kuvua kofia ngumu. "Fundi, mwulize huyu nati zilikuwaje." Nikaeleza kama zilivyokuwa. Yotamu akasema, "Sasa sema. Tungeendelea, tairi lingetoka?" Mafundi wote walikuwa pale, na Mama Lusungu amesimama na mwiko mlangoni pa jiko. Fundi Jailosi aliinama akazishika zile nati za mbele kushoto, moja moja, akafikiri. Angeweza kusema ndiyo, na kila mtu angeniona mimi nimeokoa maisha. Alisema, "Sijui, Yotamu. Pengine lisingetoka." Yotamu akageuka akaondoka bila kula. Mimi niliingia chumbani nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kwa sababu nilitaka sana angalau nati moja iwe imelegea kabisa. Nimekuwa kiongozi wa shule mbili tangu hapo. Nimewahi kuzuia basi la safari ya wanafunzi lisiondoke, nimewahi kufunga bweni kwa waya mmoja tu uliochubuka, na kila mara ilikuwa vivyo hivyo: hakuna kilichotokea, na hakuna aliyeweza kuniambia kama kingetokea. Walioudhika waliudhika waziwazi. Nilijifunza kukaa na hilo katika chumba kile chenye harufu ya mpira, na sikujifunza kwa siku moja.

Yotamu hakula jikoni kwa wiki nyingi. Alikwenda safari za lori, Ndola, Kitwe, akarudi, akapita nje ya ukuta. Barua yangu ya chuo ilikuja, nikaanza kuaga watu wa foleni. Kisha, karibu na mwanzo wa mvua, mchana ambao mimi na Mama Lusungu tulikuwa tunachambua maharage, akaingia akakaa kwenye kiti kifupi kama vile aliondoka jana. Alisema amepita Iyula na lori. Amesimama kwa Mama Sara, akapewa chai. "Mtoto anakaa sasa," alisema. "Anakaa mwenyewe, haegemei kitu." Alichukua maharage kiganjani akaanza kuchambua nasi. Baada ya muda akasema, bila kuinua macho, "Kuna mashindano mengine madogo kabla mvua haijachanganya. Ya mwisho mwaka huu. Sina mtu wa kunisomea." Nikamwuliza, "Nikikwambia simama?" Akasema, "Ndiyo maana nimekuja kwako." Mama Lusungu alijifanya anatafuta jiwe ndani ya maharage.

Tulishindana. Ilinyesha usiku wa kuamkia, barabara zikawa utelezi, na niliposoma sauti yangu ilitetemeka kwa baridi. Tulimaliza kipande cha kwanza katikati ya wenzetu, si vizuri wala vibaya. Nikavuta pumzi ili nilitamke lile neno, na kabla sijafungua mdomo, Yotamu alikuwa ameshaingiza gari kando, chini ya mikaratusi. Aliinama akafungua ile kamba ya mpira miguuni kwangu, akachukua spana, akatoka kwenye matope. Alianzia upande wangu. Nilibaki nimekaa ndani, karatasi mapajani, nikihisi gari likitikisika taratibu kila alipoegemea nati, moja, kisha inayofuata.